Mtutu Uliopasuka

Kila asubuhi, kabla ya kwenda chuoni kusoma Kurani, Somoe alishuka bondeni kutazama mpunga. Alipita nyuma ya jiko, akainua kanga yake isilowe umande, akafuata ujia mwembamba uliokatiza mihogo ya jirani yao Bi Hamisa, mpaka kule chini ambako udongo ulikuwa mweusi na laini. Hapo ndipo lilipoanzia shamba lao.

Ilikuwa miaka michache baada ya vita kuu vya pili, Waingereza wakitawala. Kiwalani ya siku hizo ilikuwa shamba tupu: minazi, mikorosho, mihogo, na nyumba za udongo zilizosimama mbalimbali. Dar es Salaam ilikuwa mjini, na mjini kulikwendwa kwa miguu. Watu wa Kiwalani waliishi kwa kile walichokivuna, na waliovuna mpunga walilala na wasiwasi, kwa sababu usiku nguruwe mwitu walitoka vichakani wakaingia bondeni kwa makundi.

Somoe alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu. Kazi yake ilikuwa kwenda kuona walikopita, kisha kurudi kumweleza baba yake. Zamani kazi hiyo haikuwa nzito. Mara nyingi alirudi na kusema, "Hawakufika, baba," na Mzee Marijani angetikisa kichwa na kuendelea kunywa uji wake.

Mzee Marijani ndiye aliyekuwa mlinzi wa bonde lote. Alikuwa na bunduki ya kuwindia, ya kizamani, ile ya kushindiliwa baruti mdomoni ambayo watu huiita gobore. Aliirithi kwa baba yake, na kila mwaka aliipeleka kwa Bwana Shauri, mtawala wa wilaya, ikatazamwa na kuandikiwa kibali. Nguruwe walipoangushwa, Bwana Albano na wenzake waliotoka bara walikuja kuwabeba, maana jirani zao wa pwani hawagusi nyama hiyo. Wakati wa mavuno kila mwenye shamba alimtengea mlinzi fungu lake. Hivyo ndivyo nyumba ya Marijani ilivyokuwa ikila.

Mwaka huo, mpunga ulipoanza kuchanua, bunduki iliharibika. Mzee Marijani alifyatua usiku, na mlio uliosikika haukuwa ule uliozoeleka. Asubuhi walipoitazama waliona mdomo wa mtutu, lile bomba la chuma ambamo risasi hupita, umepasuka. Ufa ulikuwa na urefu wa kidole na kingo zake zilikuwa zimejikunja kwa nje. Mzee Marijani mwenyewe hakuumia, ila masizi yalimjaa usoni na sikio moja lilivuma siku nzima. Aliitundika bunduki ukutani, na hakuishusha tena.

Kisha mvua ikampiga shambani, kichomi kikamshika, akalala.

Nguruwe hawakuchelewa kujua. Siku za kwanza waligusa pembeni tu. Baadaye Somoe akawa anakuta vipande vizima vimelazwa chini, mashuke yametafunwa na matope yamevurugwa kama watu wamecheza ngoma humo. Alisimama akitazama, kisha akarudi nyumbani taratibu, kwa sababu hakutaka kufika.

"Wamefika wapi leo?" baba yake aliuliza kutoka kitandani.

"Wamefika kwenye mfereji, baba."

Mzee Marijani alifumba macho. Kifua chake kilipanda na kushuka kwa shida.

Jioni hiyo jirani walikuja kumjulia hali. Bi Hamisa aliketi mkekani karibu na mama yake Somoe, Bi Tunu. Bwana Albano alisimama mlangoni, kofia mkononi. Alikuwa mwashi, fundi wa kujenga kwa mawe, mtu wa Songea, naye alilima kipande kidogo bondeni. Baada ya salamu na pole, aliinua macho ukutani.

"Mzee Marijani, hii bunduki si imepasuka mdomoni tu? Kwetu niliwahi kuona mtu akikata mtutu pale palipopasuka. Bunduki ikawa fupi, lakini ikalia."

"Ndivyo ninavyosema mie kila siku," alisema Salumu, kaka yake Somoe. Alikuwa kijana wa miaka kumi na minane, mwenye nguvu na mwenye haraka. "Tuipeleke Temeke kwa fundi Fakihi, aikate. Nami nitakwenda bondeni badala ya baba."

Wote walimtazama mgonjwa. Mzee Marijani alikohoa kwanza, kisha akasema, "Chuma kikipasuka mdomoni, hujui kimeumia mpaka wapi. Huenda sehemu iliyobaki ni nzima. Huenda si nzima. Na anayeshika bunduki huiweka karibu na uso wake."

"Basi tufanyeje, baba?"

"Niacheni nifikiri. Msiiguse mpaka niinuke."

"Na mpunga?" aliuliza Bi Hamisa kwa sauti ndogo.

Mzee Marijani alijivutia shuka mpaka kidevuni.

Siku zikapita, wala hakuinuka. Alizidi kukonda. Bi Tunu alimkanda kwa maji ya moto, akamnywesha dawa aliyopewa na mganga wa zahanati, akamsomea dua. Mchele wa akiba ulikwisha, wakaanza kula mihogo asubuhi na jioni. Asubuhi moja Somoe alishuka bondeni akakuta nusu ya shamba haipo. Aliporudi alimkuta mama yake anafagia uani. Bi Tunu alimtazama usoni, akaelewa, akaendelea kufagia mahali palepale alipokwisha fagia. Machozi yalikuwa yakimtoka lakini hakutoa sauti, asije mgonjwa akasikia.

Salumu aliyaona yote hayo. Alimvuta Somoe nyuma ya jiko.

"Leo huendi chuoni. Tunakwenda Temeke."

"Baba amesema tusiiguse."

"Baba ni mgonjwa, Somoe. Mgonjwa huogopa kila kitu. Ukimsubiri ainuke, hapatakuwa na shuke hata moja." Salumu aliteremsha sauti. "Fundi Fakihi ni rafiki yake, hatakata bila neno lake. Mie haniamini. Niliwahi kumwendea nikasema baba ameniagiza panga, kumbe nilitaka langu. Wewe atakuamini. Sema tu kwamba baba amekubali. Neno hilo moja, basi."

"Nitamdanganya mtu mzima?"

"Unataka mama aendelee kulia?"

Baba alikuwa amelala na mama amekwenda kisimani. Salumu aliishusha bunduki, akaizungushia mkeka, wakaondoka.

Njia ya Temeke ilikuwa ya mchanga, na jua lilikuwa limeshaanza kuwaka. Salumu alitangulia, mkeka begani, akipiga hatua ndefu. Somoe alifuata nyuma, akilirudia neno lile kinywani ili alizoee: baba amekubali, baba amekubali. Kila alipolirudia lilikuwa jepesi zaidi. Akajiambia kwamba huenda si uongo mkubwa. Huenda baba angekubali kama angeliona shamba. Huenda amekwisha kubali moyoni, ila hana nguvu za kusema. Alifikiri pia juu ya wali wa nazi, akaona haya, lakini aliufikiri.

Banda la fundi Fakihi lilikuwa kando ya njia, limeezekwa makuti. Ndani mlikuwa na moto, nyundo na vipande vya chuma chakavu. Fundi alikuwa mtu mfupi, mwenye ndevu chache na mikono yenye makovu ya cheche.

"Shikamoo, baba mdogo," alisema Somoe.

"Marahaba, mwanangu. Marijani hajambo?"

"Bado yuko kitandani."

"Mungu amwondolee." Fundi alipokea bunduki, akaifungua mkeka, akaitoa nje kwenye mwanga. Alipitisha kidole kwenye ufa. Aliuchungulia mtutu, akaugonga polepole kwa kijinyundo akisikiliza, kisha akaugonga tena mahali pengine. Salumu alisimama akimtazama kama mtu anayesubiri hukumu.

"Inakatika?" aliuliza.

"Kukatika inakatika. Hiyo si kazi." Fundi aliiweka bunduki mapajani. "Jambo ni kitakachobaki. Pengine ufa umeishia hapa unapoonekana. Pengine umeingia ndani zaidi, mwembamba kuliko unywele. Mie nafua majembe na mapanga, sina macho ya kuona ndani ya chuma. Nikikata, nitakuwa nimekata tu. Siwezi kukuambia kwamba haitapasuka tena."

"Mtutu ni mnene, baba mdogo. Utahimili."

"Huenda. Ndiyo maana nasema hili si la kuamua mie, wala si la kuamua wewe. Ni la mwenye bunduki. Ameishika miaka yote, anajua ilivyolia siku ile." Fundi alimtazama Salumu, kisha akageuza uso kwa Somoe. "Marijani amesemaje?"

Somoe alifungua kinywa. Neno lilikuwa tayari, alikuwa amelizoea njiani. Salumu alikuwa nyuma yake, naye Somoe alimsikia akivuta pumzi. Mawazoni alimwona mama yake akifagia uani. Aliliona shamba. Kisha akaona jambo jingine ambalo hakulifikiri njia nzima: Salumu bondeni usiku, ameinua bunduki fupi, shavu lake limegusa chuma.

"Somoe," alisema fundi, "nimekuuliza."

"Baba hajakubali," alisema Somoe. "Amesema anafikiri. Amesema tusiiguse mpaka ainuke."

Fundi Fakihi aliizungushia bunduki mkeka wake, akaifunga kamba vizuri, akamrudishia Salumu. "Rudini nayo. Nitakuja kumwona nikimaliza kazi za watu."

Salumu hakumpiga dada yake wala hakumtukana. Alitembea mbele mpaka nyumbani bila kugeuka nyuma, na hilo lilimuuma Somoe kuliko kofi.

Usiku ule nguruwe waliingia tena, na usiku uliofuata pia. Shamba la Bi Hamisa likaisha, la Bwana Albano likaisha, na la kwao ikabaki kona ndogo iliyokuwa upande wa nyumba. Habari za Temeke zilienea, kama habari zinavyoenea mahali ambapo watu wote hutumia kisima kimoja. Bi Hamisa hakuja tena kuketi mkekani. Siku moja, akipita na ndoo kichwani, alisema bila kusimama, "Kuna watoto wana ulimi mwepesi. Sasa wote tutakula ukweli."

Somoe aliyasikia. Aliingia ndani akajilaza kifudifudi. Mama yake alikuja akaketi kando yake.

"Nilifanya vibaya, mama?"

Bi Tunu alimshika mgongoni. "Sijui, mwanangu," alisema. "Mie sina nguvu ya kujua lolote siku hizi."

Salumu aliondoka mwishoni mwa juma hilo. Alifunga shuka na shati lake moja katika kanga ya mama yake, akasema anakwenda mjini kutafuta kazi ya kubeba mizigo bandarini. Aliagana na baba, akaagana na mama. Mbele ya Somoe alisimama kidogo tu, akasema, "Haya," akaenda zake. Nyumba ikawa kubwa na kimya. Somoe aliendelea kushuka bondeni kila asubuhi, ingawa palikuwa hapana tena cha kutazama isipokuwa ile kona.

Fundi Fakihi alifika kama alivyoahidi. Alimkuta rafiki yake ameegemezwa ukutani, mifupa ya mabega imetokeza. Somoe aliwaletea maji, akataka kutoka, lakini baba yake alimwashiria abaki. Fundi alieleza yote yaliyotokea bandani kwake, kwa sababu alidhani Mzee Marijani ameshajua. Hakuwa amejua. Alimtazama Somoe kwa muda mrefu.

"Fakihi," alisema mwishowe, "ukiikata, wewe mwenyewe ungeipiga?"

Fundi alikuna ndevu zake. "Nisingeipiga."

"Ungempa mwanao aipige?"

"Ningeitupa baharini kwanza."

"Basi shauri limekatika. Haikatwi." Mzee Marijani alivuta pumzi kwa taabu. "Nilikuwa nalijua hilo tangu siku ya kwanza. Nilichelewa kulisema, kwa sababu mlinzi asiye na bunduki ni mtu gani? Nilijificha nyuma ya kufikiri. Nikawaachia watoto mzigo wangu."

Alimwomba Fakihi aende na jumbe wa mtaa kuirudisha bunduki kwa Bwana Shauri pamoja na kibali chake. Ilipotolewa ukutani, kilibaki kivuli chake cheusi cha moshi kwenye udongo. Bi Tunu aliupaka ukuta udongo mpya siku ileile.

Bunduki ilipokwisha ondoka, watu wa bonde hawakuwa tena na kitu cha kukisubiri. Bwana Albano ndiye aliyekuja kwanza. Alisema kwao bara, wasio na bunduki hujenga dungu, kibanda cha miti mirefu katikati ya shamba, na watu hulala humo kwa zamu wakipiga madebe. Mzee Marijani alisema hata pwani wazee walifanya hivyo, ila watu waliacha walipopata mtu wa kuwalindia. Wakajenga dungu katika kona ile iliyobaki, wakaizungushia miiba. Bi Hamisa alileta debe lake bovu. Hakusema neno la kuomba radhi, lakini alimwachia Somoe chungu cha kisamvu mlangoni.

Kona hiyo iliokoka. Walipovuna, mpunga wote wa bonde zima uliingia katika vikapu vichache, wakagawana kwa vibaba, kila nyumba ikapata wa kupika mara chache na wa kuweka mbegu. Ulikuwa msimu wa njaa, na kila mtu alijua kwamba mwezi unaofuata utakuwa mbaya zaidi. Nguruwe walikuwa wamekwisha hamia kwenye mihogo, hivyo dungu la pili likajengwa huko.

Siku ya kugawana, Salumu alirudi. Alikuwa amekonda, mabega yake yana michubuko ya magunia. Kazi ya bandarini hupatikana leo na kesho haipo. Alimsalimu baba yake, akaketi mlangoni. Walikula bada, ugali wa unga wa muhogo. Mzee Marijani aliweza kukaa mwenyewe sasa, lakini mganga alikuwa amesema kifua chake hakitarudi kama zamani.

"Niliambiwa umeirudisha bunduki," alisema Salumu.

"Nimeirudisha."

Salumu alizungusha tonge la bada mkononi bila kulila. "Na kama sehemu iliyobaki ilikuwa nzima, baba? Tungekuwa na mpunga sasa. Watu wote wangekuwa na mpunga."

Somoe aliinamisha kichwa. Hilo ndilo swali lililomlalia kifuani tangu siku ile ya Temeke, na hakuwahi kuwa na ujasiri wa kuliuliza.

"Kama ilikuwa nzima," alisema Mzee Marijani, "basi tumepoteza mpunga bure. Silikatai hilo. Hatutajua kamwe." Alikohoa. "Lakini nisikilize, Salumu, nawe Somoe. Siku ile hapakuwa na mtu aliyejua habari za mtutu ule. Mie sikujua. Fakihi hakujua. Wewe hukujua, ulitamani tu. Katika sisi sote, aliyejua kitu cha hakika alikuwa Somoe. Alijua kwamba mie sijakubali. Akasema kile alichokijua, hakuongeza wala hakupunguza."

"Na tumekufa njaa, baba," alisema Somoe.

"Tumeona njaa, ndiyo. Wanangu, wapo watakaowaambia kwamba mkisema kweli mtalipwa. Mara nyingine hamlipwi. Mara nyingine mtanyimwa hata salamu. Mtu hasemi kweli ili ashibe. Anaisema ili mwenzake anayekata shauri asikate gizani. Fakihi aliulizwa jambo linaloweza kumtoa mtu roho, na dada yako hakumzimia taa. Mie sikuwafanyia hivyo. Niliogopa kuwaambia wazi kwamba haikatwi, ndipo wewe ukatafuta njia ya uongo. Kosa hilo tuligawane, mie na wewe. Yeye hana fungu humo."

Bi Tunu aliondoa vyombo. Nje kuku walikuwa wakiparua uani, na kutoka mihogoni ilisikika nyundo ya Bwana Albano akikaza mti wa dungu uliolegea.

Baada ya muda Salumu aliosha mikono. "Leo zamu ya dunguni ni ya nani?" aliuliza.

"Ni yetu," alijibu Somoe. "Mie na mama."

"Nitakwenda mie," alisema Salumu. "Wewe kesho nenda chuoni."